Kabla ya Nyundo ya Kwanza: Kifusi cha Nyumba Unayobomoa Kina Mwenyewe

Masika yakikaribia, malalamiko yanayofika kwenye ofisi yetu ya mazingira hubadilika. Miezi mingine ni kelele za baa na vyoo vinavyotapishwa mitaani. Kipindi hiki ni malori yanayomwaga kifusi usiku kwenye kingo za Mto Msimbazi na vijito vyake. Safari hii yamezidi, na wengi wanaolalamikiwa hawajui kwamba wametenda kosa. Ndiyo sababu naandika.

Neno "kifusi" hapa Dar es Salaam lina maana mbili. Mtu wa Goba anayejaza msingi anaagiza trip ya kifusi, yaani udongo uliochimbwa kilimani. Mtu wa Sinza anayebomoa nyumba ya zamani ili apandishe ghorofa anamlipa dereva aondoe kifusi, yaani zege, matofali na plasta. Wote wawili wanatoa pesa mfukoni. Udongo wa yule wa kwanza umeacha shimo ulikochimbwa, na mabaki ya yule wa pili yanaishia mtoni au yanajaza dampo la Pugu Kinyamwezi, ambalo lina taka za kutosha. Wangekutana, kila mmoja angepunguza gharama. Kinachowazuia ni uchafu: kifusi cha Sinza kimechanganyika na nguo, vioo, nyaya, mifuko na vipande vya dari ya jipsamu, na hakuna mwenye akili atakayekiweka chini ya sakafu yake.

Hivi karibuni nilikagua viwanja viwili vilivyopakana, vyote vikibomolewa. Kwenye cha kwanza katapila lilikuwa limeisukuma nyumba nzima na vilivyomo. Sinki lilikuwa limelaliwa na ukuta, godoro limefukiwa nusu. Kwenye cha pili fundi na vibarua wake wanne walianza juu. Waliteremsha mabati, wakafuata mbao na kung'oa misumari mmoja mmoja, kisha milango, fremu, nyaya na bomba. Ukuta ulikuja mwisho. Kijana mmoja alikaa kwenye kivuli cha mwembe akikwangua udongo wa saruji kwenye tofali kwa patasi, akilipanga juu ya mwenzake. Yaliyopona yalikuwa na mteja kabla ya jioni, na yaliyovunjika yalibaki lundo la zege na matofali matupu. Jirani wa nyuma alikuja kuuliza bei ya lundo lile. Lundo la kiwanja cha kwanza lilihitaji malori, na mwenye nyumba alikuwa anagombana na dereva kuhusu nauli. Nyumba zilikuwa za aina moja. Tofauti ilikuwa mpangilio wa kazi, basi.

Zege kuukuu si uchafu. Likipondwa, kokoto zimo ndani yake bado. Utafiti uliofanyika nchini na kuchapishwa mwaka 2013 ulichukua mabaki ya ubomoaji, ukayaponda, ukayachekecha na kufyatua matofali bila kokoto wala mchanga mpya hata kidogo. Asilimia 85 ya matofali yaliyopimwa yalifikia nguvu ya nyutoni 7 kwa milimita ya mraba, ambayo ndiyo ya chini inayotakiwa. Huko Kunduchi kina mama wameponda mawe kwa nyundo miaka nenda rudi, na kokoto nyingine tunazisafirisha kutoka Lugoba, mkoani Pwani, wakati zege la kuponda tunalitupa bondeni. Linaniuma kila nikiliona.

Lakini kokoto hizi zina tabia yake. Saruji ya zamani iliyoganda juu yake hunywa maji, kwa hiyo ziloweshwe kabla ya kuchanganya, la sivyo zitanyonya maji ya zege lako jipya. Zitumike kwenye jamvi (zege la chini ya sakafu), matofali, njia za miguu na kujaza msingi. Kwenye nguzo na boriti zisitumike bila mhandisi na vipimo vya maabara. Ukijaza msingi, vipande visizidi ngumi, na shindilia tabaka kwa tabaka. Jipsamu isiwemo kabisa, kwa kuwa ina salfa inayoivimbisha saruji na kuipasua.

Kuhusu nondo nitasema waziwazi, kwa sababu tumeelimisha mpaka tumechoka. Nondo iliyopinda ikanyooshwa kwa nyundo hairudi kwenye nguzo ya nyumba. Wauzie wanunuzi wa chuma chakavu wenye kibali, ikayeyushwe kiwandani. Mafundi wanaendelea kutuambia "bado ngumu hii". Ugumu unaouona kwa macho haukuambii jinsi ilivyochoka ndani.

Paa la asbesto halivunjwi wala halikatwi kwa msumeno. Nyuzi zake zikiingia kwenye mapafu huleta magonjwa, saratani ikiwemo. Simamisha kazi, utoe taarifa.

Sasa taratibu. Kubomoa kunahitaji kibali cha halmashauri, kama kujenga. Kwenye maombi eleza mabaki yataenda wapi: yapi yatatumika tena, yapi yatauzwa na yapi yatakwenda dampo. Kila lori linaloingia dampo likupatie stakabadhi, uitunze mpaka kazi iishe, maana mkaguzi akija huanzia hapo. Pale ambapo hakuna stakabadhi, anauliza namba ya gari, jina la dereva na siku ya safari. Wengi hapo hujibu, "Nilishamlipa dereva, si changu tena." Hapana. Mzalishaji wa taka anawajibika nazo mpaka zifike mahali halali, na dereva akikamatwa, nyote wawili mtaitwa.

Hoja nyingine ni "kiwanja ni changu, najaza mwenyewe". Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari. Hati ya kiwanja haiondoi mita hizo. Anayekiuka anaweza kupewa amri ya kurejesha mazingira: aondoe alichomwaga na airudishe kingo kama ilivyokuwa, kwa gharama yake. Asipotekeleza, kazi hufanywa na mamlaka na gharama anadaiwa. Faini na mashtaka ni mambo mengine juu ya hilo, na amri haifutiki kwa kulipa faini. Tumeona watu wakilipa wakidhani yamekwisha, kisha wakashangaa kuona tumerudi na futi kamba.

Tunabana hivi kwa sababu maji hayasahau njia. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na kila lori linalomwagwa kingoni linaminya mkondo na kuyasukuma maji kwa jirani wa ng'ambo.

Kwa anayejiandaa kubomoa: njoo na picha za nyumba, makadirio ya ukubwa na tarehe unayotaka kuanza, angalau wiki mbili kabla. Maofisa wa mazingira wa kata wanawajua wanaohitaji kujaza misingi karibu yako, na mara nyingi kifusi safi hupata wa kukichukua kabla paa halijateremshwa. Kwa aliyekwisha kubomoa na kuchanganya, njoo pia. Kuchambua lundo ni kazi ngumu, lakini kunawezekana likiwa bado kiwanjani kwako.