Kwa nini gari la turbo la zamani hutetemeka likisimama, lakini barabarani linavuta vizuri?

Umetoka Usa River hadi Arusha na gari halina shida. Unaingia foleni ya Sanawari, unakanyaga breki, usukani unaanza kutetemeka. Mshale wa mizunguko unapanda 900, unashuka 500. Ukipiga resi kidogo, linatulia. Mafundi watakwambia sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ni mbovu, na wengi huanza na plagi. Mimi nilinunua plagi 4 na koili moja, mtetemo ukabaki palepale.

Mara nyingi shida iko kwenye hewa. Gari likiwa sailensi, throto, kilango kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini, imefungwa karibu yote, na injini inanyonya kwa nguvu kupitia upenyo mwembamba. Katika magari mengi ya turbo (feni inayoisukumia injini hewa ya ziada), hewa hiyo imeshapimwa na sensa, kisha kompyuta inatoa mafuta kwa kipimo chake, takriban gramu 1 ya petroli kwa gramu 14.7 za hewa. Mpira ukipasuka baada ya throto, upande wa injini, inaingia hewa ambayo sensa haikuiona. Sailensi inahitaji hewa kidogo sana, kwa hiyo hiyo ya wizi inakuwa fungu kubwa, mafuta hayatoshi na gari linamisi. Barabarani injini inavuta hewa tele, wizi uleule haujulikani.

Turbo inaongeza mawili. Joto lake hukausha mipira mpaka inakuwa migumu kama kuni. Halafu inaposukuma hewa, presha ya ndani inaishinda ya nje, na ufa uliokuwa ukiingiza hewa sasa unaitoa, hewa ambayo tayari imepimwa na kugawiwa mafuta. Ndiyo maana gari hilohilo linaweza kutetemeka kwenye foleni na kutoa moshi mweusi kwenye mlima.

Mwombe fundi mwenye mashine ya kupimia asome kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaongeza. Kama kwenye sailensi inaongeza asilimia 20, na kwenye mizunguko 2,500 inarudi karibu na sifuri, tafuta hewa inayovuja. Ikiongezeka kadiri unavyokanyaga, angalia pampu, filta ya mafuta au uchafu kwenye sensa ya hewa.

Anayetumia geji ya mvuto, inayopima nguvu ya injini kunyonya hewa, awe makini na mwinuko wetu. Kipimo kinachotajwa sana, inchi 17 hadi 22 za zebaki, ni cha usawa wa bahari, na hupungua takriban inchi 1 kila mita 300 unazopanda. Arusha mjini, karibu mita 1,400, inchi 14 zinaweza kuwa za injini nzima kabisa. Nasikitika nikifikiria injini zinazofunguliwa kwa kosa hilo.

Usikubali mtu apulize petroli au dawa ya kusafishia kabureta karibu na turbo ya moto ili kutafuta ufa, gari linaweza kushika moto. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, ingiza hewa ya presha ndogo kwenye njia ya hewa, kisha paka maji ya sabuni kwenye mipira na klipu zote.

Langu lilitoa povu chini ya manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye injini, mahali pasipoonekana bila kioo. Kwa macho mpira ulikuwa mzima. Fundi alipoukunja kwa vidole viwili, ufa wa urefu wa ukucha ukafunguka. Alikata kipande kipya, akakaza klipu, akawasha. Mshale ukasimama 750.