Flashi na kasi ya shata

Wapiga picha wengi wa Kigoma huamini kwamba flashi haifai shata (kilango cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga) ikizidi 1/250 ya sekunde, kwa kuwa upande mmoja wa picha hutoka mweusi. Imani hiyo ina msingi: katika shata ya mapazia mawili, kwa kasi inayozidi hiyo pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufunguka. Shata ya majani, iliyomo ndani ya lenzi, hufunguka kutoka katikati, hivyo fremu nzima hupata mwanga hata kwa 1/500; mchana wa jua kali ufukweni Ujiji, ambako kasi kubwa hupunguza mwanga wa jua, hiyo ni nafuu kubwa. Kujihakikishia, fungua mgongo wa kamera isiyo na filamu, weka swichi ya flashi kwenye X (ya flashi za elektroniki), si M (ya balbu za flashi za zamani), elekeza flashi kwenye ukuta mweupe, kisha ufyatue huku ukichungulia kwa nyuma: duara la mwanga litaonekana zima.