Mashetani, watakatifu na mkono wa Mungu: maneno ya dini yaliingiaje kwenye soka?

Mtu asiyefuatilia soka akifungua redio Jumamosi jioni na kusikia kwamba Watakatifu wamewalaza Mashetani Wekundu, anaweza kudhani amekuta mahubiri yakiendelea. Wapenzi wa ligi ya Uingereza wanajua kwamba ni Southampton na Manchester United wanaozungumziwa, ingawa ni wachache wanaojiuliza majina hayo yalitoka wapi.

La mashetani halikuanzia kwenye soka hata kidogo. Mwaka 1934 timu ya raga ya Salford, mji unaopakana na Manchester, ilizuru Ufaransa ikiwa na jezi zake nyekundu, na kwa jinsi ilivyowasumbua wenyeji, magazeti ya huko yakaipachika jina la Les Diables Rouges, yaani mashetani wekundu. Manchester United wakati huo hawakuwa na shetani yeyote. Katika miaka ya 1950 kikosi chao kilijulikana kama watoto wa Busby, kwa kuwa kocha Matt Busby alikuwa amekijaza vijana wadogo, lakini tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyowabeba ilianguka mjini Munich na kuua watu 23, wakiwemo wachezaji 8. Busby alipoijenga timu upya, jina la kitoto halikufaa tena. Alitaka jina la kumtia mpinzani hofu, akaliazima lile la majirani zake wa raga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shetani mwenye mkuki wake akaingia rasmi kwenye nembo ya klabu.

Utakatifu wa Southampton ni wa ukoo. Klabu hiyo ilianzishwa Novemba 1885 na vijana wa kanisa la Mtakatifu Maria, katika zama ambazo makanisa ya Uingereza yalitumia mpira kuwaepusha vijana na ulevi na magenge ya mitaani. Everton nao walianza mwaka 1878 kama timu ya kanisa la Kimethodisti la St Domingo, na Manchester City, mahasimu wa mashetani wenyewe, walizaliwa mwaka 1880 katika kanisa la Mtakatifu Marko, ingawa hakuna anayewaita watakatifu.

Msemo mwingine umetokana na sala yenyewe. Katika mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu, pasi ndefu ya kubahatisha inayorushwa dakika za lala salama huitwa Salamu Maria. Wachezaji wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, ambacho ni cha Kikatoliki, walikuwa wakisimulia kwamba katika mechi ya mwaka 1922 dhidi ya Georgia Tech walisali Salamu Maria kabla ya kufunga, na kwamba aliyetoa wazo hilo alikuwa mwenzao Mpresbiteri. Hata hivyo, msemo ulienea nchi nzima baada ya tarehe 28 Desemba 1975, pale Roger Staubach wa Dallas Cowboys aliporusha mpira wa yadi zipatazo 50, zikiwa zimebaki sekunde chache, ukadakwa na Drew Pearson na kuwapa ushindi wa 17 kwa 14 dhidi ya Minnesota Vikings. Alipoulizwa baadaye, Staubach, ambaye ni Mkatoliki, alisema kwamba alifumba macho akasali Salamu Maria.

Mkono wa Mungu una historia yenye utata zaidi. Tarehe 22 Juni 1986, katika robo fainali ya Kombe la Dunia mjini Mexico, Diego Maradona aliruka pamoja na mlinda mlango wa Uingereza, Peter Shilton, akausukuma mpira wavuni kwa ngumi ya kushoto. Mwamuzi Ali Bin Nasser wa Tunisia hakuuona mkono, akalikubali bao. Maradona alipobanwa na waandishi wa habari, alijibu kwamba lilifungwa kidogo kwa kichwa cha Maradona na kidogo kwa mkono wa Mungu. Jibu hilo lilikuwa la ujanja, kwani alikiri bila kukiri, huku akilitumia jina ambalo si rahisi mtu kulibishia hadharani.

Wapenzi wa soka wa Afrika wana kumbukumbu chungu zaidi ya msemo huo. Tarehe 2 Julai 2010, mjini Johannesburg, Ghana ilikuwa sekunde chache tu kabla ya kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, pale Luis Suárez wa Uruguay alipouzuia kwa mikono, kwenye mstari wa goli, mpira wa kichwa wa Dominic Adiyiah. Safari hii mwamuzi aliona kila kitu, akatoa kadi nyekundu na penalti, lakini mkwaju wa Asamoah Gyan ukagonga mtambaa wa panya, na Ghana ikatolewa kwa matuta. Suárez akatamba kwamba mkono wa Mungu sasa ni wake. Maradona alikuwa ameutumia msemo kuficha kosa. Suárez aliutumia kujisifia kosa ambalo dunia nzima ilikuwa imeliona na ambalo alikwisha kuadhibiwa kwalo.