Oksijeni haimuui mtoto

Kila baridi ya Juni na Julai inapoingia Mbeya, Makete na Mafinga, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: “Mtoto wako akiwekewa oksijeni au mashine, mtoe haraka, hatoki mzima.” Si kweli.

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Nimonia ikijaza mapafu, kiasi hicho hakitoshi, ndipo mtoto huongezewa kwa kimrija cha puani. Mashine ya kupumulia ni kitu kingine: humpumulia aliyechoka kabisa, huku dawa zikipambana na ugonjwa wenyewe. Ina hatari zake pia, ndiyo maana hawekewi kila mtoto.

Mkanganyiko unaeleweka. Wanaowekewa ni walio mahututi, na wengine huletwa baada ya siku tatu za kuchuliwa mafuta kifuani. Mtoto akifariki, kinachokumbukwa ni mrija. Kwa hiyo ukiletewa ujumbe huo, tafadhali uishie kwako.

Ukitaka kuhakikisha, mwombe muuguzi akuonyeshe kile kibanio cha kidoleni chenye taa nyekundu, kinachopima oksijeni kwenye damu. Namba ya oksijeni ikiwa chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji oksijeni. Akishawekewa, mara nyingi utaiona namba ikipanda. Nyumbani, mfunue blanketi (najua, baridi) uhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi chini ya 5, mpeleke kituo cha afya. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, usingoje kukuche.