Ameshamaliza mionzi ya ubongo, sasa sisi marafiki tufanyeje? Maswali mnayoniuliza

Shoga yangu alitolewa uvimbe wa saratani kwenye ubongo, kisha akapigwa mionzi mara 30 pale hospitali ya saratani ya Ocean Road hapa Dar, Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki 6, tukawa tunapeana zamu kumpeleka. Siku ya mwisho kundi letu la WhatsApp lilijaa hongera, wiki mbili baadae simu zikakata kabisa na ndo hapo yeye alikuwa anatuhitaji zaidi. Tangu hapo watu wananiuliza maswali, nimeona niyajibu hapa.

Si amemaliza matibabu, mbona analala tu mchana kutwa?

Uchovu wa mionzi hauishi na mionzi, mara nyingi unazidi kwenye wiki zinazofuata na unaweza kukaa miezi. Huyu wangu alikuwa akitoka kuoga tu anakaa kitandani na taulo lake nusu saa nzima hajavaa hata nguo moja, na nyie mliomwita mvivu naomba muache, inamuumiza. Ukienda kumwona nenda asubuhi, kaa kidogo, ondoka. Ila akisinzia mpaka kumwamsha inakuwa shida, au kichwa kinamuuma kuliko kawaida hasa akiamka, anatapika, mkono au mguu unaishiwa nguvu, hospitali siku hiyo hiyo. Na kama yuko kwenye vidonge vya kemo (dawa za kuua saratani) akapata homa ya nyuzi 38 msimpe panadol mkasubiri kesho, mpelekeni, maana kinga yake iko chini.

Mbona anasahau maneno, na siku hizi amekuwa mkali?

Inategemea uvimbe ulikaa wapi. Kwa watu wengi lugha iko upande wa kushoto wa ubongo, na sehemu ya mbele ndo inashika tabia na kujizuia, ikiguswa hapo mtu anabadilika bila kupenda. Siku moja alitaka kijiko akanyoosha mkono akasema "nipe ile... ile ya uji", mimi kwa haraka zangu nikamalizia neno, nikamwona machozi yanamlenga. Toka siku ile nasubiri, hata kama ni dakika nzima. Zimeni redio, aongee mtu mmoja mmoja, muulizeni swali moja moja. Tumemtundikia daftari kwenye msumari jikoni, kalamu imefungwa na uzi, kila kitu kinaandikwa humo.

Hasira saa ingine ni dawa. Kuna hii wanayopewa inaitwa deksamethasoni, inasaidia ubongo usivimbe lakini inaleta njaa, kukosa usingizi, uso kujaa, sukari kupanda na hasira pia. Asije akaiacha ghafla, daktari ndo anaipunguza kidogo kidogo.

Akianguka kifafa tufanye nini?

Angalia saa kwanza. Sogeza meza na vitu vigumu, weka kanga chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, mlaze ubavu. Usimwekee kijiko mdomoni, usimkandamize, na kiberiti puani hakisaidii chochote. Zikipita dakika 5 hajatulia, au kinarudi kabla hajapata fahamu, mkimbizeni hospitali. Mapovu hayaambukizi jamani, jirani mmoja alituzuia tusimguse mpaka yakauke na mgonjwa yuko chali sakafuni, anaweza kupaliwa! Dawa za kifafa zisikatike hata siku moja, kwahiyo rafiki mmoja kazi yake iwe kuhesabu vidonge kabla havijaisha. Na asiendeshe chombo wala kukaa jikoni peke yake mpaka daktari aseme.

Saratani inaambukiza? Na ile mionzi?

Hapana. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, kuleni naye sinia moja, watoto wamkumbatie.

Tumsaidieje hasa?

Ile "ukihitaji kitu niambie" haisaidii, hataomba. Sema "Alhamisi naleta samaki", halafu leta. Mmoja wetu anaenda naye kliniki kuandika anachosema daktari maana yeye akifika nyumbani nusu imeshapotea, mwingine anashughulika na nauli, mwingine Jumamosi anakaa naye ili dada yake anayemuuguza akalale, na huyo dada msimsahau kabisa, amekonda kuliko mgonjwa.

Kwani amepona au bado?

Hilo swali msimuulize yeye. Anapigwa MRI (picha ya ubongo) kila baada ya miezi michache kwa sababu saratani nyingi za ubongo zinaweza kurudi, ile aina kali inayoitwa glioblastoma ndo hasa, kwahiyo hata akiwa mzima anaishi akisubiri kipimo. Siku mbili tatu kabla hapati usingizi, ukimwambia "usiwaze" unamwacha na hofu yake peke yake. Mimi siku hizo nahamia kwake na mto wangu, tunaangalia tamthilia mpaka usiku sana, na kipimo hatukigusi mpaka akianza yeye mwenyewe kukitaja.