Makovu ya mapafu baada ya kifua kikuu ni nini?

Wako watu hapa Mombasa waliomaliza dozi ya kifua kikuu, makohozi yao yakapimwa yakaonekana safi, wakaambiwa wamepona. Wamepona kweli. Lakini baadhi yao wakishuka feri Likoni na kuanza kupanda ule mlima, husimama katikati wakihema. Nyumbani huambiwa ugonjwa umerudi, au kwamba hawakumeza dawa vizuri, na wengine huanza kutengewa kikombe upya. Mara nyingi si hivyo. Bakteria wamekwisha, kilichobaki ni uharibifu walioufanya, na jambo hili huzungumzwa kidogo mno tunapoongea habari za TB.

Ndani ya mapafu mna vifuko vya hewa zaidi ya milioni 300, vyenye kuta nyembamba mno ili oksijeni ipenye kuingia kwenye damu. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alitangaza kumgundua tarehe 24 Machi 1882, hupeperuka hewani mgonjwa anapokohoa, kuongea au kuimba, na akivutwa hufika mpaka kwenye vifuko hivyo. Humo humezwa na seli za kinga. Vijidudu wengi wakimezwa hivyo hufa. Huyu anaweza kuishi ndani ya seli iyo hiyo iliyommeza na kuzaana humo. Mwili ukishindwa kumuua humzingira: seli nyingine huja zikajipanga tabaka juu ya tabaka hadi pakatokea kinundu kidogo. Kwa walio wengi mambo hukomea hapo. Inakadiriwa kwamba kama robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa, na katika kila 100 kati yao, 5 hadi 10 ndio watakaougua maishani.

Kinga ikidhoofika, kwa virusi vya UKIMWI, kisukari, njaa, pombe nyingi au uzee, kile kinundu hulegea. Na hapa ndipo pagumu kuamini: sehemu kubwa ya uharibifu haifanywi na bakteria kwa mkono wake. Hatoi sumu ya kuua upesi kama ile ya pepopunda. Ni seli zetu za kinga ambazo, zikipigana naye, humwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni, zile nyuzi imara zinazoshikilia umbo la pafu. Nyama ya katikati ya kinundu hufa, hulainika, hupasukia kwenye mrija wa hewa, kisha mgonjwa huikohoa. Panabaki pango. Ndiyo maana mgonjwa wa virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka sana mara nyingi picha yake ya kifua haionyeshi mapango, hali ugonjwa umemwenea mwilini.

Pango ni balaa. Kwa kawaida huwa sehemu ya juu ya pafu, lina hewa tele, bakteria huzaana humo kwa mamilioni na dawa hupenya kwa shida. Ukuta wake ukila mshipa, mtu hukohoa damu. Na kwa kuwa limefunguka kwenye mrija wa hewa, mwenye pango ndiye anayeambukiza wenzake zaidi, iwe ndani ya matatu iliyofungwa vioo kwa sababu ya mvua au katika chumba cha kupanga kisicho na dirisha.

Dawa zikianza kazi, moto wa ndani hutulia na mwili huziba palipoharibika kwa kovu. Kovu la pafu ni kama la mkono ulioungua: ngozi imefunga, lakini haikunjuki kama zamani. Sehemu hiyo haivuti hewa wala haipitishi oksijeni. Mirija iliyo karibu huvutwa, hupanuka na kupinda, makohozi hutuama humo, na kila baada ya muda bakteria wengine hupata makao. Pango lililobaki wazi linaweza kuota kuvu. Kwa wengine mirija huwa myembamba, kifua kikalia kama cha mwenye pumu.

Kovu lililokwisha kuumbika halifutwi na dawa yoyote ninayoijua. Kwa hiyo kinachoweza kupunguzwa zaidi ni muda ambao moto ule unawaka bila kuzimwa, na huko ndiko ninakotaka tuelekeze nguvu. Kikohozi kikimaliza wiki mbili, au kikija na jasho la usiku, homa na kukonda, usizunguke na dawa za kikohozi za dukani. Mwenye virusi vya UKIMWI, au aliyeishi nyumba moja na mgonjwa, asingoje hata hizo wiki mbili. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu la makohozi kwa muda wa saa mbili hivi na kuonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali, kuanzia zahanati hadi hospitali kuu ya Pwani, ambayo wazee bado huiita Makadara. Kwa TB ya kawaida ni miezi sita: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Nafuu huja mapema, na wengi huachia hapo. Wanaoachia humwachia bakteria nafasi ya kuamka akiwa sugu.

Ramadhani huzua swali kila mwaka. Dozi ni mara moja kwa siku, hivyo muuguzi anaweza kukupangia kuimeza usiku, lakini mgonjwa aliyekonda ana ruhusa ya kula, na mwili unaojijenga upya unakihitaji chakula hicho.

Watoto walio chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa wapelekwe wapimwe na wapewe dawa ya kinga. Chanjo ya BCG huwakinga zaidi dhidi ya TB kali ya ubongo na ya kusambaa mwilini. Pafu la mtu mzima haililindi vya kutosha. Sigara na shisha ziachwe kabisa, na jiko la makaa lipelekwe nje uani.

Kwa aliyebaki na makovu, mazoezi ya kupumua na kutembea kidogo kidogo kila siku humrudishia nguvu nyingi kuliko kukaa kitandani akihurumiwa. Akikohoa tena asianzishiwe dawa za TB kwa kukisia tu. Hata jibu la GeneXpert kwa mtu aliyewahi kutibiwa lataka uangalifu, maana mashine inaweza kuokota mabaki ya bakteria waliokufa. Kuotesha makohozi maabara ndiko huonyesha kama wapo walio hai. Ndiyo maana siku ya kumaliza dawa ni vizuri kuomba picha ya kifua na kipimo cha nguvu ya pumzi, kisha kuviweka nyumbani pamoja na kadi ya matibabu, ili daktari atakayekuona miaka mitatu baadaye awe na cha kulinganishia.