Rangi za nguo za kuwindia ukiwa juu ya mti

Wawindaji wengi wa upinde huku Marekani huchagua nguo za mabaka zinazofanana na majani. Kwa anayevizia chini, sawa. Lakini ukikaa kwenye dungu mita 5 au 6 juu ya ardhi, kulungu wa mkia mweupe anakutazama kutoka chini, na nyuma yako kuna anga. Hapo kijani kibichi na kahawia iliyokolea hugeuka bonge moja jeusi lenye kichwa na mabega ya mtu.

Ndiyo maana nasisitiza: tafuta mabaka makubwa yaliyoachana waziwazi, mengine ya kijivu cheupe, mengine ya giza. Jicho la kulungu halioni vitu vidogo kwa ukali kama letu, kwa hiyo vijani na vijiti vilivyochorwa kwa ustadi huchanganyika vikawa rangi moja akiwa mbali. Kabla ya msimu, mvalishe mwenzako, apande, kisha umpige picha isiyo na rangi kutoka mita 30. Umbo la mtu likijitokeza, badilisha nguo.

Rangi yenyewe ya kuogopa ni buluu. Kulungu ana aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, sisi tuna tatu. Nyekundu na rangi ya chungwa hazitofautishi vizuri na kijani, kwa hiyo fulana ya chungwa inayolazimishwa na majimbo mengi msimu wa bunduki haimng'arii kama inavyotung'aria sisi. Ivae bila wasiwasi, inaokoa maisha. Buluu anaiona vizuri mno, pamoja na sehemu ya mionzi ya urujuanimno ambayo lenzi ya jicho letu huizuia. Jinzi ibaki nyumbani. Sabuni nyingi za unga nazo zina ving'arishi vinavyogeuza mionzi hiyo kuwa mwanga wa buluu, na nguo nzuri huharibikia kwenye beseni. Tumia sabuni isiyo navyo.

Novemba, miti mingi ikishapukutisha majani, kijivu ndiyo salama. Mialoni mingi hubaki na majani makavu, na huko kahawia hafifu inafaa.

Uso na viganja vifunikwe pia, maana ndivyo vinavyosogea zaidi.

Ndugu mnaokwenda likizo Kenya, Tanzania au Uganda, msifungashe nguo hizi: huko raia kuvaa mabaka yanayofanana na ya jeshi ni kosa la jinai.